Laini Yako Inapokabidhiwa Mtu Mwingine

Swali hili hunifikia kwa maneno tofauti, lakini maana yake ni ile ile: "Simu nilikuwa nayo mkononi, namba ya siri sikumpa mtu. Hela zimetokaje?" Ukimsikiliza anayeuliza, mkasa haubadiliki sana. Mtandao ulikatika mchana, akadhani ni mnara. Akazima simu, akawasha, wapi. Jioni akaenda dukani kuuliza, akaambiwa laini yake imerudishwa asubuhi ile ile. Nani kairudisha? "Mwenyewe."

Kurudisha laini ni huduma halali na tunaihitaji. Simu zinaibwa, zinatumbukia chooni, kadi zinaharibika. Mwenye namba anakwenda kwa wakala, anathibitisha kuwa ni yeye, anapewa kadi mpya yenye namba ile ile, na ya zamani inakufa. Ugonjwa uko hapo kwenye kuthibitisha. Aliyekaa mezani ana foleni mbele yake, anataka kumaliza, na uso wako haujui. Akiridhika kirahisi, namba yako imehama.

Hiyo meza huwezi kuisimamia. Unachoweza ni kupunguza vitu ambavyo namba yako inafungua, na kujua la kufanya dakika ile mtandao unapokatika. Makala haya yanahusu hayo mawili.

"Lakini siku hizi si kuna alama za vidole?"

Zipo. Tanzania ilianza kusajili laini kwa vidole Mei 2019, na kuanzia Januari 20, 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Mlango mkubwa ulifungwa siku hizo. Matundu yaliyobaki ni haya:

- Kidole kinachorudiwa. Wakala wa mwavuli anakuambia, "Hakijasoma, weka tena." Mara nyingi ni kweli: fundi ujenzi, mkulima na mfua nguo vidole vyao vimelika. Lakini wapo mawakala ambao kidole cha pili wanakisajilia laini nyingine kwa jina lako, kisha wanaiuza kwa matapeli. Polisi wakiifuatilia, jina watakalolikuta ni lako.
- Laini yenye jina la mtu mwingine. Unaitumia miaka sita, lakini aliyeweka kidole ni shemeji yako, au mchumba mliyeachana, au yule kijana wa dukani aliyekuuzia ikiwa "tayari imesajiliwa". Mbele ya kampuni, mwenye laini ni yeye. Siku akienda kuirudisha hatahitaji kumdanganya mtu.
- Mtu wa ndani. Penye mfumo pana mfanyakazi mwenye ruhusa ya kuuingia, na ruhusa hununuliwa.

Penye uthibitisho wa kitambulisho na maswali, kama ilivyozoeleka Kenya, tundu ni jingine. Utaulizwa jina kamili, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, watu uliowapigia karibuni, labda muamala wa mwisho. Yanasikika kama maswali magumu. Lakini namba ya kitambulisho na ya simu umeziandika kwenye daftari la mlinzi kila jengo uliloingia. Tarehe ya kuzaliwa iko Facebook, chini ya picha ya keki. Na kuhusu uliowapigia, tapeli anakubipu mara tatu ukampigia kujua ni nani. Sasa anajua namba mojawapo uliyopiga karibuni, maana ni yake. Au anakutumia shilingi mia mbili kisha anaomba radhi kuwa amekosea, na muamala wako wa mwisho anao.

Wala si kwetu tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichapisha matokeo ya kuzijaribu kampuni tano za simu za huko, mara kumi kila moja, wakijifanya wateja wasiokumbuka majibu yao. Walifanikiwa kuhamisha namba mara 39 kati ya 50. Maswali ya uliowapigia yalikuwa miongoni mwa nyufa walizozitaja. Na mwaka uliotangulia, Agosti 2019, akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo hiyo ya Twitter, ilitekwa baada ya namba yake kuhamishwa. Kwa hiyo usimcheke jirani.

"Mimi sina hela, wataiba nini?"

Watakopa. Laini ikishakuwa mkononi mwa tapeli, kilicho mbele yake si salio lako peke yake. Kuna Fuliza na M-Shwari kwa walioko Kenya, Songesha kwa wateja wa M-Pesa Tanzania, na programu za mikopo zinazokuamini kwa sababu umekuwa mlipaji mzuri. Deni litabaki na jina lako.

Kisha kuna watu wako. Akiiteka WhatsApp yako ataandika kwenye kundi la familia na la kikoba: "Nimepata dharura hospitali, nisaidieni laki, narudisha jioni." Shangazi hatauliza mara mbili. Wasomaji kadhaa wameniambia kuwa hasara yao wenyewe ilikuwa ndogo kuliko waliyopata ndugu zao.

Wenye vitochi nao wasijione salama. Tapeli hahitaji simu yako, anahitaji namba.

Kwanza, jua nini kimesajiliwa kwa jina lako

Anza na hili leo, halichukui dakika tano.

1. Piga *106#. Tanzania, menyu hii inakuonyesha usajili wa laini yako na namba nyingine zilizo chini ya kitambulisho chako cha NIDA. Kenya, wateja wa Safaricom wanatumia *106# hiyo hiyo.
2. Rudia kwa kila mtandao unaoutumia, na hata usioutumia ukipata laini ya kuazima. Kampuni inaweza kukuonyesha za kwake tu.
3. Ukikuta namba usiyoijua, usiipigie. Nenda duka la kampuni na kitambulisho halisi, uikane, iondolewe kwenye jina lako. Omba ushahidi kuwa umeikana, hata kama ni meseji tu.
4. Ukikuta laini unayoitumia ina jina la mtu mwingine, mchukue mtu huyo mwende dukani pamoja mkabadilishe umiliki. Akiwa amefariki au hapatikani, hamisha kwanza benki, baruapepe na WhatsApp kwenda kwenye laini yenye jina lako, ndipo uhangaikie ya zamani.

Hatua hiyo ya nne ndiyo watu huiahirisha, hasa wanandoa. "Ni mume wangu, kuna ubaya gani?" Huenda hakuna. Lakini akipoteza kitambulisho, akisafiri, au mkitofautiana, huwezi kuirudisha laini yako mwenyewe bila yeye.

Namba ya siri: acheni mwaka wa kuzaliwa

Kadi mpya peke yake haitoi hela. Inataka namba ya siri. Tapeli huipata kwa kukisia, kwa kukuchungulia dukani, au kwa kupiga huduma kwa wateja na kuomba ibadilishwe kwa taarifa zako zile zile. Kukisia ndiko rahisi zaidi, kwa sababu tarakimu ni nne tu na Watanzania wengi wanaweka mwaka wa kuzaliwa.

Sasa chukua kitambulisho chako cha NIDA. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila aliyewahi kutoa kopi ya kitambulisho chako pale steshenari, kila aliyekiona kwenye kundi la WhatsApp ulipokituma kwa ajili ya fomu ya mkopo, ana mwaka wako. Aliye na namba ya NIDA na kukuta umeweka 1987 hajakisia, amesoma.

Basi:

- Usitumie mwaka wako, wa mwanao wala wa mwenza wako; wala 1234, wala tarakimu za mwisho za namba yako ya simu.
- Namba ya siri ya huduma ya pesa iwe tofauti na ya kadi ya benki.
- Usiitaje kwa wakala "akusaidie kutoa". Kama macho hayaoni vizuri, nenda na mwanao au mjukuu unayemwamini.
- Unapotuma kopi ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu: ya nini, kwa nani, tarehe gani. Haizuii kila kitu, lakini kopi iliyoandikwa "kwa mkataba wa pango, Machi" inamtia mashaka wakala mwenye akili.

Tenganisha namba na vitu vyako

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo wengi wanaparuka kwa sababu panahitaji nusu saa ya utulivu. Kaa chini na chai.

*WhatsApp.* Ingia mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka tarakimu sita. Ukifanya hivyo, mwenye laini yako bila tarakimu hizo atazuiwa siku saba. Usipofanya, ataziweka yeye, na hata ukirudishiwa laini wewe ndiye unaweza kuambiwa usubiri siku saba. Nimeona watu wakisubiri huku ndugu zao wanaendelea kutapeliwa. Weka leo.

*Baruapepe.* Ukiwa na Gmail, usiiache itegemee meseji peke yake kuthibitisha kuwa ni wewe. Weka programu ya uthibitisho kama Google Authenticator, ambayo inatoa tarakimu ndani ya simu bila kupitia laini. Kisha chukua zile namba kumi za akiba ambazo Google hukupa, ziandike kwenye karatasi, na karatasi ikae na vyeti vyako nyumbani. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu. Baruapepe ikitekwa, karibu kila kitu kingine hufuata, maana ndiko maombi ya "nimesahau neno la siri" yanakoelekea.

*Benki.* Uliza tawini kwako mambo mawili: je, laini ikibadilishwa, huduma ya benki ya simu inasimama hadi nifike mwenyewe? Na kiwango cha juu cha kutuma kwa siku kinaweza kushushwa? Kama kwa siku hutumi zaidi ya laki mbili, kiwango cha mamilioni kinamfaidi nani?

*Laini ya pili.* Mwenye biashara ninamshauri awe na laini moja ya benki na pesa ambayo haiandikwi kwenye kadi ya biashara, ukutani wala kwenye gari. Namba iliyopakwa rangi mlangoni pa duka iwe ya kuongea tu. Atakayesema ni usumbufu, sawa, lakini tapeli huanza na namba anayoiona.

*Kwa wateja wa Safaricom Kenya,* kuna njia ya *100*100#, inayozuia laini isibadilishwe kwa mawakala. Itabadilishwa kwenye duka la kampuni, kwa kitambulisho halisi. Sioni sababu ya kutoitumia. Kwa mitandao mingine, uliza dukani kama kuna zuio kama hilo. Kampuni zikiulizwa na wengi zitalitengeneza.

Namba ya siri ya laini yenyewe inasaidia?

Wasomaji wanachanganya mambo mawili hapa. Namba ya siri ya laini, ile simu inayoiuliza inapowashwa, inamzuia mwizi aliyekwapua simu asichomoe kadi na kuitumia kwenye simu nyingine. Kwa hilo ni nzuri sana. Haimzuii aliyeenda kwa wakala kupewa kadi mpya, kwa sababu kadi mpya inakuja bila namba yako hiyo.

Iweke, lakini kwa tahadhari: ukikosea mara tatu kadi inajifunga na kutaka PUK, na PUK ukiikosea mara kumi kadi imekufa. PUK imeandikwa kwenye lile kadi kubwa la plastiki ulilomenyea laini. Kama ulilitupa, iombe kwanza huduma kwa wateja kabla ya kuanza kubofya.

Simu zinazotangulia wizi

Kabla namba haijahamishwa, mara nyingi kuna simu moja au mbili za maandalizi. Zitambue:

- Mtu mwenye sauti ya adabu anakuita kwa majina yako matatu, anasema yuko makao makuu ya kampuni na usajili wako una kasoro. Anataka uthibitishe namba ya kitambulisho. Kampuni inayo tayari. Kwa nini ikuulize?
- Anakuomba ubofye nyota nyota 21 na namba fulani "kusasisha laini". Hiyo inahamisha simu zako zote ziende kwake, ikiwemo simu ya WhatsApp inayosoma tarakimu za uthibitisho. Ukishabofya, bofya ##002# kufuta uhamisho wote.
- Meseji yenye tarakimu inaingia bila wewe kuomba chochote, na dakika hiyo hiyo mtu anapiga akisema imekosewa njia, umsomee. Usisome hata moja.
- Simu mfululizo, nyingi, za kero, usiku au wakati wa kazi. Lengo ni uchoke uzime simu, usione mtandao ukikatika. Zima mlio, simu yenyewe iache hewani.

Kwa Tanzania, huduma kwa wateja ya mitandao yote ni 100. Safaricom Kenya hupiga kwa 0722 000 000. Lakini hata namba ikionekana ya kweli, mtu akitaka namba ya siri, kata. Meseji za kitapeli zitume 15040 ukiwa Tanzania, au 333 kwa Safaricom. Ni bure, na ndizo zinazofanya namba za matapeli zifungiwe.

Mtandao umekatika: saa ya kwanza

Simu inaandika "hakuna huduma" na wenzako wa mtandao huo huo wanapiga vizuri. Usisubiri jioni.

1. Azima simu, piga namba yako. Ikiita wakati yako imekaa kimya mkononi, imehama. Ikisema haipatikani, bado usitulie. Endelea na hatua ya pili.
2. Piga huduma kwa wateja. Usiseme "simu yangu ina shida", utaambiwa uzime na kuwasha. Sema: "Laini yangu imebadilishwa bila idhini yangu. Fungeni laini na akaunti ya pesa sasa hivi." Chukua jina la anayekuhudumia, andika saa.
3. Piga benki, au mtume mtu tawini kama ni karibu. Huduma ya benki ya simu ifungwe.
4. Mwambie mtu mmoja kwenye kila kundi lako kubwa atangaze kuwa namba yako imetekwa na mtu asitume hela. Afanye kwa sauti, siyo kwa maandishi tu.
5. Nenda duka kuu la kampuni na kitambulisho halisi. Wakala wa mwavuli siyo wa siku hii.
6. Ripoti polisi. Tanzania utapewa RB, Kenya namba ya OB. Bila hiyo, benki na kampuni hazitakusikiliza kwa uzito.
7. Laini ikirudi: badilisha namba zote za siri, omba taarifa ya miamala, na uliza kama kuna mkopo uliochukuliwa. Kagua *106# tena.

Makosa ninayoyasikia zaidi saa hiyo ni mawili. La kwanza ni kukimbilia dukani bila kupiga simu. Foleni ya dakika arobaini inamtosha tapeli. La pili ni kumpigia tapeli na kubembelezana naye. Atakuahidi kurudisha nusu ukimpa tarakimu moja zaidi.

Walioko Muscat, Dubai na kwingine

Ninyi mko kwenye hatari ya aina yake. Laini ya nyumbani iko kwenye droo, imezimwa kuokoa gharama, au mmeiacha kwa mdogo wenu apokee meseji za benki. Ikirudishwa na tapeli, mtajua baada ya wiki. Kwa laini hiyo msiache salio kubwa, na hamishieni benki kwenye programu yenye uthibitisho wa ndani ya simu kama benki yenu inayo. Iwekeni kwenye nafasi ya pili ya simu na kuiwasha mara kwa mara, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba ile kupewa mteja mpya. Huyo hajaiba chochote, lakini meseji za benki yenu zitamfikia.

Ukitaka kudai

Usikubali jibu la mdomo kuwa "mfumo unaonyesha ni wewe". Andika barua kwa kampuni ukiuliza mambo haya kwa majina yake: laini ilibadilishwa tarehe na saa ngapi, kwenye duka au kwa wakala gani, kwa kitambulisho au kidole cha nani, na nani aliidhinisha. Hizo ni taarifa zako binafsi. Kenya ina sheria ya ulinzi wake tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, kwa hiyo huombi hisani.

Anza na kampuni, kwa sababu mdhibiti atakuuliza kama ulianza huko. Wakikuzungusha, Tanzania peleka TCRA na Kenya Mamlaka ya Mawasiliano. Sehemu ya fedha za benki ina njia yake: benki kwanza, kisha dawati la malalamiko la Benki Kuu.

Ambatisha RB au OB, taarifa ya miamala, na yale uliyoandika siku ile: saa uliyopiga na jina la aliyekuhudumia. Ukionyesha kuwa ulitoa taarifa saa saba na robo na hela zikatoka saa nane, mazungumzo yanabadilika. Barua iwe nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kabla hujaondoka kaunta.